Kulegeza Kabla ya Kuunga

Aika mwanangu,

Nausikia mlio wa zipu. Ile zipu ya begi lako la bluu la chekechea, lenye twiga aliyechubuka sikio. Unaivuta mpaka mwisho, unairudisha, unaivuta tena. Zrii. Zrii. Tumesimama kwenye sheli ya mafuta pale Kisongo, wewe katikati, mimi upande wa mjini, baba yako upande wa barabara ya kwenda Babati, na hakuna anayesema neno. Lori linapita, vumbi linatua, na kinachobaki kusikika ni zipu yako. Nikakuambia, "Acha, utaiharibu." Ndilo neno pekee nililolitamka siku ile mbele ya baba yako.

Jioni hii umekwenda Lemara kumuaga dada yangu, na nyumba imebaki na mimi. Nimekaa kitandani kwako. Begi lako jipya liko mlangoni, limejaa. Nimelifungua na kulifunga mara kadhaa, sikutoa kitu wala sikuweka kitu. Nilitaka kusikia tu.

Sitakuandikia habari za sweta, mafuta ya kujipaka na kuamka mapema. Mama yako mdogo wa Babati, mke wa baba yako, anajua kulea mtoto. Niliwahi kumsema vibaya mbele yako, ukaendelea kula, na hilo lilinichoma kuliko kama ungenijibu. Anajua. Hayo mengine mtapanga wenyewe.

Nataka kukuandikia kuhusu kazi yangu. Utashangaa, najua. Tangu uanze shule ukiulizwa mama yako anafanya kazi gani unasema, "Anaunga mablanketi ya mashine," na wenzako wanacheka, wanadhani nashona mablanketi ya kujifunika. Hujawahi kuiona. Watoto hawaruhusiwi kupita geti la kiwanda, na mimi nikirudi huwa nimechoka kueleza. Sasa naeleza, kwa sababu kila kosa nililokufanyia nililifanya kwanza kiwandani, na kule nililiona mara moja.

Mashine ya karatasi ina mikanda mizito iliyofumwa, mipana kuliko sebule yetu, mirefu kama kutoka getini kwetu mpaka dukani kwa Mangi na kurudi. Sisi tunaiita mablanketi. Karatasi ikiwa bado uji hulazwa juu ya blanketi, blanketi linaibeba, linaikamua maji, linaipeleka kukaushwa. Blanketi huchakaa, na likichakaa tunazima mashine, tunalikata, tunaingiza jipya. Jipya huja limeviringishwa kama jamvi, lina ncha mbili. Tunalipitisha juu ya rola hii, chini ya rola ile, mpaka ncha zinakutana. Hapo ndipo naitwa mimi.

Kila ncha ina vitanzi vidogo, vingi, vimepangana upana wote. Kitanzi cha huku kinaingia kati ya viwili vya kule, kama vidole vya mtu anayesali, halafu katikati yake napitisha uzi mgumu wa plastiki tunaouita pini, kutoka ukingo mmoja mpaka mwingine. Pini ikipita, ncha zimekwisha, kuna duara. Nikiruka kitanzi kimoja tu, mwishoni kitabaki kimoja kisicho na mwenzake, na ule mstari wa bluu uliofumwa kwenye blanketi utakaa upande kama mlevi. Hapo sina budi kuchomoa pini na kuanza upya, na uji wa karatasi unanisubiri kwenye matangi.

Sasa sikiliza hili. Ili ncha zisikimbiane wakati napanga vitanzi, kiwanda kinachofuma blanketi huzishonea zipu ya muda. Zipu nene, kama ya hema. Tunaifunga, na muda wote tunaofanya kazi ni yenyewe inayobeba uzito. Pini ikishapita tunaifumua zipu ile na kuitupa. Haikuumbwa kukaa. Ikiachwa ikabeba blanketi mashine ikiwaka, itachanika.

Umeshanielewa, nadhani. Wewe ni mwepesi wa kuelewa kuliko mimi. Miaka yote ile mimi na baba yako tulikufanya zipu, na wala hatukuwa tunatafuta pini.

Mara ya kwanza nilipoishika zipu ya namna hiyo kiwandani, masikio yalinizibuka. Nilisikia Kisongo. Nikaendelea na kazi.

Nikuambie ilivyoanza, kwa kuwa naogopa utakuja kusimuliwa na watu. Baba yako na mimi tulisoma chuo kimoja, yeye umeme, mimi ufumaji. Ulizaliwa nikiwa bado sijamaliza. Bibi yako wa Machame akakuita Aika, ndugu za baba yako wa Kondoa wakakuita Salma, na tulicheka, tukasema mtoto mwenye majina mawili hapotei. Halafu baba yako akapata kazi Babati, na mimi wiki zile zile nikaitwa kiwandani hapa. Akasema, "Twende, kule utapata kazi nyingine." Nikamjibu kwamba sikusoma ili nikakae nyumbani kumsubiri na sahani. Hakuwa ameniomba sahani, Aika. Nilijibu swali la mtu mwingine, sijui la nani, labda la baba yangu mimi. Naye alikuwa na kiburi chake. Akaondoka bila kurudia ombi. Nilimsubiri alirudie. Alipooa, nikaacha kusubiri na nikachora mpaka.

Mpaka ulikuwa sheli ya Kisongo. Nilisema: kwangu hafiki, kwake sifiki, mtoto atapokelewa pale. Nilijiona nina msimamo. Kila likizo ulisimama pale na begi, jua likikuwakia, nikimwona baba yako anashuka kwenye pikapu yake, anakuja mpaka kwenye kona ya duka la vinywaji, anasimama. Akikuita Salma, nami hapo hapo nakuita Aika, kwa sauti, ukiwa tayari umeshageuka. Ulikuwa unageuka mara mbili. Nilikuona.

Kuna siku alikuleta una homa. Ulikuwa darasa la pili. Ulikuwa umelala begani kwake na midomo imekauka. Akasema, "Mama Aika, niruhusu niwapeleke mpaka nyumbani. Mtoto anaungua."

Nikamwambia, "Mpaka wetu ni hapa."

"Moshono ni mbali kwa bodaboda."

"Nimekuambia hapa."

Akakushusha taratibu, akavua koti lake akakufunika. Nilikupakata kwenye bodaboda, tukavuka mji mzima, upepo wa Meru unatupiga, na lile koti nikakuvua nikalikunja nikaliweka katikati yetu, kwa sababu lilikuwa na harufu yake. Uliniambia, "Mama, baridi." Nikakwambia tumekaribia. Hatukuwa tumekaribia. Ndiyo kwanza tulikuwa tunapita mjini.

Nilikuacha kwa jirani umeshapewa dawa, nikaenda kazini, maana siku ile ilikuwa ya kubadilisha blanketi. Kabla ya kuunga kuna jambo la kwanza kabisa, ninalowafundisha wote wanaoanza kazi kwangu: legeza. Iko rola moja ambayo kazi yake ni kukaza. Unairudisha nyuma mpaka mwisho, blanketi linalegea, ndipo unapata nafasi ya kuzisogeza ncha. Ncha zilizokazwa haziungani. Ukizivuta kwa winchi zitakuja, zitakudanganya kwamba zinakutana, halafu pengo la kiganja litabaki pale pale.

Siku ile sikuangalia rola. Nilifika nina hasira, nikaagiza wavute. Ncha zikaja, pengo likabaki. Nikasema vuteni tena. Lomayani, tunayefanya naye kazi, mtu wa Kisongo mwenye mdomo usiofungwa, akasema, "Injinia, hilo blanketi si ng'ombe. Hata ng'ombe ukimvuta mkia atakupiga teke."

"Vuta, Lomayani."

"Navuta, dada. Lakini likizaa balaa, ni lako."

Akavuta. Tulisikia mlio kama kitenge kinachopasuliwa, na vitanzi vya ukingo wa kushoto vikang'oka vyote kwa mkupuo. Blanketi jipya, halijagusa karatasi hata siku moja. Nikaenda kuangalia rola nikakuta imekazwa vile vile ilivyoachwa. Mimi ndiye ninayewafundisha wenzangu. Nilisimama pale, na nilijua, Aika, nilijua kabisa nimefanya nini kwenye blanketi na kwa nini. Niliandika maelezo kwa meneja bila kuficha neno. Tangu siku ile sijawahi kuunga bila kwenda mwenyewe kuishika rola kwa mkono.

Lakini likizo iliyofuata nilikupeleka tena Kisongo.

Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Watu husema mtu hujifunza kwa makosa. Mimi nilijifunza upande mmoja. Nilitoka na somo zima mkononi, nikarudi nalo nyumbani, nikalitundika mlangoni pamoja na ovaroli.

Halafu mwezi uliopita ulikuwa unachambua mchele, mimi nakoroga loshoro ya mahindi na maziwa mgando, matokeo ya darasa la saba yameshatoka, nikikusimulia habari za shule ya sekondari ya hapa jirani. Ukasema bila kuinua kichwa:

"Mama, mimi kidato cha kwanza nataka nisome Babati."

"Nimekukosesha nini?"

"Hujanikosesha kitu."

"Basi nini?"

"Nataka kukaa mahali pamoja."

"Hapa si mahali?"

Ukatoa jiwe kwenye mchele, ukaliangalia. "Kule nikifika, nafika. Hapa kila nikizoea, nakwenda kusimama sheli. Mnaniweka juani kama gunia la parachichi."

Nikacheka. Nilidhani ni utani. Nikasema, "Haya, gunia langu. Likizo utarudi."

"Tukutane wapi? Sheli?" Ukaniangalia sasa. "Nikienda sirudi rudi tena, Mama. Nimechoka."

Hukuwa na hasira. Ungekuwa na hasira ningepata pa kushika. Ulisema kama mtu anayesema maji yamekatika.

Na mimi nilifanya ninachokijua. Nilikaza. Unakumbuka. Nilikuahidi simu. Nilikuambia Babati kuna malaria, kana kwamba hapa hakuna mbu. Nililia ukiwa unasikia, na mara moja nililia ili usikie, nakiri. Nililificha hilo begi chini ya kitanda changu, ukalikuta, ukalirudisha chumbani kwako. Nilikaa siku nzima bila kukusemesha. Mtoto wa umri wako, na mimi mtu mzima mwenye shahada, tunapishana koridoni kama wapangaji. Kila nilipovuta ulikuja kidogo. Ulinikumbatia, ulisema sawa, ulisema tutaona. Na pengo la kiganja lilikuwa pale pale.

Sijui nitaishije kwenye nyumba hii. Kesho jioni nitarudi kutoka kazini na hapatakuwa na mtu wa kuniuliza kwa nini nanuka karatasi mbichi. Nimefikiria kusema naumwa. Nimefikiria kuugua kweli. Nimefikiria kukuambia nakukataza, mimi ni mama yako, basi. Na ningeweza, baba yako asingegombana. Nimeomba Mungu, na katikati ya maombi nikajikuta nampa Mungu maagizo.

Leo asubuhi ilikuwa siku ya blanketi. Niliomba udhuru nikanyimwa, hakuna mwingine wa kuunga. Nilishika ncha kukagua vitanzi, sivioni.

Lomayani akaniambia, "Mama Aika, leo unakagua vitanzi au unahesabu dhambi?"

"Mtoto anaondoka kesho. Anaenda kwa baba yake."

"Sasa machozi ya nini? Ungelia kama anaenda kwa fisi."

"Harudi, Lomayani."

"Eeh." Akashika ukingo wake wa blanketi akawa anauangalia tu.

Nikaenda kuilegeza rola. Nilibonyeza kitufe, nikaweka mkono juu yake kama kawaida yangu, nikaisikia inarudi nyuma. Blanketi lote likashuka, likaning'inia kama tumbo la ng'ombe aliyetoka kuzaa. Huwa ni dakika mbaya ile. Kila mgeni anayeiona kwa mara ya kwanza anadhani tumeharibu. Linaonekana kama kitu kilichokata tamaa. Nikakaa chini pale pale kwenye sakafu yenye maji, na ovaroli ikalowa, na Lomayani akadhani nimeanguka.

Sikuwa nimeanguka. Nilikuwa naogopa. Nilielewa kwamba sijawahi hata siku moja kukuachia. Hata pale Kisongo, nikikukabidhi kwa baba yako, nilikuwa nimeshika ncha yangu nimeikaza, na yeye ameshika yake, na wewe unachezea zipu.

Siwezi kukuambia kwamba ukilegeza vitu vinarudi. Blanketi halina pa kwenda, nikililegeza linanisubiri. Wewe una miguu, na una sababu. Nikikuachia unaweza kwenda moja kwa moja, na nitakuwa nimekuachia kwa mkono wangu mwenyewe. Hilo nimelitazama mchana kutwa na bado silioni mwisho wake. Kama kuna siku utampenda mtu, au utamzaa mtu, na ukajikuta unavuta, kumbuka tu ule mlio wa kitenge kinachopasuka. Mimi niliusikia, nikaendelea kuvuta upande wa pili wa maisha yangu. Zaidi ya hapo sina.

Tuliunga. Pini imepita vizuri, mstari wa bluu umenyooka. Mchana nikatoka nje, nyuma ya marobota ya karatasi taka, nikampigia baba yako. Sikuwahi kumpigia, huwa namwandikia ujumbe, saa na mahali.

"Idrisa, kesho usije Kisongo."

Akauliza kwa upole kabisa, "Umeghairi?"

"Sijaghairi. Uje nyumbani. Uje leo."

"Nyumbani wapi?"

Hakuwa ananibeza, Aika. Aliuliza kweli. Miaka yote hii hajui mwanawe analala wapi. Nikamwelekeza: Moshono, ukipita kanisa, kwa Mangi, geti la kijani lenye kutu chini. Alikuwa anarudia kila neno, kama anayeandika.

Nikamwambia na la pili. Kwamba likizo hazitakuwa za zamu tena. Utakuja hapa ukitaka. Usipotaka, mimi nitakuja Babati kukuona, nitalala gesti, kama mke wake hatachukia. Akasema ngoja amuulize. Nikamsikia anaeleza, na nyuma yake sauti ya mwanamke, yenye haraka, kama mtu aliye jikoni: "Gesti ya nini na chumba kipo? Mwambie asije mikono mitupu, aje na kahawa ya huko mlimani!"

Nikacheka huku nalia. Mtu niliyemsema vibaya.

Baba yako akarudi kwenye simu. "Salma anajua?"

Sikumsahihisha. Nikasema, "Salma hajui. Atatukuta."

Amefika saa hii, nikiwa katikati ya barua. Alisimama nje ya geti na pikapu inawaka, kama mtu anayetaka kushusha kitu na kuondoka. Nilimfungulia. Nikamwambia, "Zima gari, Idrisa, ingia." Akaingia ameinamisha kichwa, ingawa mlango wetu si mfupi. Alisimama muda mrefu mbele ya picha yako ya kumaliza chekechea, ile uliyovaa begi la twiga mgongoni, halafu akauliza akae wapi. Nimempa kiti cha dirishani. Hatujazungumza la maana. Amesema chai ina tangawizi nyingi. Nimesema ndivyo unavyoipenda wewe. Akasema kwake unainywa bila tangawizi. Tukatazamana, tukagundua kwamba unakunywa chai ya kila nyumba bila kulalamika.

Nimerudi chumbani kwako kumalizia. Barua naiweka kwenye mfuko wa mbele wa begi. Isome mkishavuka Kisongo. Mtapita bila kusimama, nimemwambia hivyo baba yako, naye ameitikia kwa kichwa.

Zipu nimeshaifunga, na sitaifungua tena. Vikombe vitatu viko mezani. Viatu vya baba yako viko mlangoni, kando ya ndala zako, na ukifika utaviona kabla hujatuona sisi.

Mama yako